Kiu ya Miche Iliyolowa

Wiki iliyopita, pale Mitwero, nilisimama kwa kijana anayeuza miche kando ya barabara. Nikahesabu viriba vyake mara mbili, nikavutana naye bei mpaka akacheka, na tulipokwisha kukubaliana ndipo harufu ikanifika: udongo uliolowa ndani ya nailoni. Niliondoka bila mche hata mmoja, na kijana yule nadhani bado ananisema.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa kijiji cha pwani, upande wa Kilwa, na bibi mzaa baba alipofariki aliacha shamba huko Kikole. Kwetu shamba halijulikani kwa karatasi, linajulikana kwa miti; mwenye mikorosho ndiye mwenyewe. Mikorosho ya bibi ilikuwa imeteketea kwa moto. Kaka yake baba, baba mkubwa wangu, mwenye watoto tisa na sauti ya watu kumi na wawili, alikuja kunywa chai akasema bila kuzunguka:

"Mdogo wangu, mvua za kwanza zikinikuta pale hamna mikorosho yako, napanda yangu."

"Utaikuta," baba akajibu.

Akaotesha korosho sitini katika viriba vya nailoni nyuma ya nyumba. Zote sitini zilichomoza. Nilihesabu, nikarudia.

Kumwagilia nilipewa mimi: ndoo nne kila asubuhi, kutoka kisima cha mlimani chenye maji baridi, yasiyo na chumvi. Kisima cha mikokoni kilikuwa karibu zaidi, ila maji yake yalikuwa na chumvi, tukiyatumia kuoshea vyombo tu. Mlimani kulikuwa na foleni na wanawake wa kunipita kwa viwiko. Nikapiga hesabu zangu. Nilichota bilauri moja ya maji ya huku na moja ya kule, nikaziweka juani, nikazikodolea macho. Sikuona tofauti. Na mama alikuwa akihesabu ndoo. Hakuna aliyekuwa akionja.

"Zuhura, umerudi mara hii?"

"Foleni fupi leo, mama."

"Foleni fupi, au wewe una miguu minne?" Akacheka, akaendelea kupepeta mchele.

Wiki ya tatu kingo za majani zikaanza kuungua, kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Baba alichuchumaa, akafinya udongo. Ulikuwa umelowa. Akakunja uso.

"Jua la mwaka huu si mchezo. Miche ina kiu, mwanangu. Ongeza ndoo mbili."

Nikaongeza tatu. Nawaambieni kweli, sijawahi kufanya kazi kwa moyo kama siku zile. Nilidhani naipunja, basi nikaizidishia, kutoka kulekule mikokoni, maana ndoo saba za mlimani zingenivunja shingo. Ikabaki arobaini na mmoja. Ikabaki kumi na tisa. Mvua ilipoanza miche ilikuwa sita, baba akaibeba mpaka Kikole akaipanda, nayo ikafa.

Baba mkubwa alipanda yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na mdomo tu. "Mkono wako, mdogo wangu, hauoteshi," alisema, na baba akayaamini maneno hayo. Hakushika tena mbegu, hata ya mchicha. Akaenda Rondo kupalilia mashamba ya watu, akawa anarudi mara mbili kwa mwaka. Wageni wakija, mama aliwaonyesha kwa kidevu: "Huyu aliachiwa shamba na mama yake, likamfia mkononi."

Nilipokuwa sekondari, mwalimu wa biolojia alitumbukiza kipande cha kiazi katika maji ya chumvi. Kesho yake kilikuwa kimelegea kama ulimi. Maji, alisema, huyeyusha chumvi mpaka jicho lisiione, na maji hukimbilia upande ule chumvi ilikozidi. Ndiyo njia ya kila chenye uhai kupata maji, sisi na majani. Lakini udongo ukiwa na chumvi kuliko mzizi, mzizi haunywi, unanyonywa. Mmea hukauka ukiwa umesimama majini. Wenzangu waliandika. Mimi niliomba ruhusa nikatoka nje.

Baba aliporudi kutoka Rondo nilimkuta akinoa jembe. Nikamwambia yote, kisima, ndoo, kiazi. "Haukuwa mkono wako, baba. Ni mimi."

Aliendelea kunoa. Kisha akauliza, "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue. Mimi ameshanizoea hivi."

Nilitoka pale mwepesi, sikupigwa wala kukaripiwa. Lakini wageni waliendelea kuja, na mama aliendelea kuwasimulia, miaka kumi na mmoja mingine mpaka tulipomzika baba. Kila mara baba aliinamisha kichwa akasema, "Ndivyo ilivyokuwa." Nami nilikaa pembeni na sahani yangu, nikijifariji kwamba mzee hakuyaamini maneno ya kiazi. Nimeishi na faraja hiyo muda mrefu. Mpaka mwanangu wa kwanza alipofanya kosa lake, nikajisikia nikiwaambia watu kwamba ni langu, ndipo nikajua kuwa baba aliniamini tangu siku ile, neno kwa neno.