Hospitali ya Sentensi

Shule nzima ilimwita Mwalimu Koma, naye alidhani ni heshima. Alifundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya kutwa, yenye madirisha ya nondo na madawati yaliyochongwa majina ya watu ambao sasa wana wajukuu. Watu wa namna yake wapo kila mji ambako lugha ya wengine imegeuzwa kipimo cha akili. Wamejifunza lugha kubwa, wanaitumia kwa kazi ndogo.

Kazi yake ndogo ilikuwa hii. Kwenye korido, mkabala na mlango wa darasa lake, alipigilia ubao akauita Hospitali. Kila Ijumaa alibandika hapo sentensi mbovu za wanafunzi, zimezungushiwa wino mwekundu, kila moja na jina la mwenyewe. Aliyeweka "about" baada ya "discuss" alilazwa. Aliyeandika "furnitures" alilazwa. Msichana mmoja alimwita mama yake "he", maana kwao yeye ni yeye tu, awe baba awe mama. Huyo alilazwa wiki mbili, na wenzake wakawa wanamuuliza kama mama ameshaanza kunyoa ndevu.

"Pole, mgonjwa," walitaniana wakati wa mapumziko. "Daktari kasemaje?"

"Kasema nifunge mdomo, nitapona."

Na kweli wakapona, mmoja baada ya mwingine, mpaka ubao ukabaki na pini tupu. Koma alipita mbele yake kila asubuhi akiwa amejaa kama puto. Haikumjia akilini kujiuliza kwa nini insha zimekuwa fupi kama risiti.

Wakati huo mkuu wa idara ya lugha alikuwa anastaafu, na Koma aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote duniani. Angepata chumba chenye mlango. Angepata meza ya peke yake, asigawane tena na mwalimu wa kilimo anayemenya karanga juu ya madaftari ya watu. Uamuzi ulikuwa mikononi mwa mkaguzi, ambaye angekuja kuketi darasani.

"Mama watoto, shati langu jeupe liko wapi?"

"Kwenye kamba. Na uache kujitangaza kabla hujapewa. Majirani wameshaanza kukuita mkuu."

"Wanafunzi wangu hawakosei tena. Atanikatalia kwa lipi?"

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye raba miguuni na sauti ya mtu asiye na haraka. Aliuona ubao, akasimama.

"Huu mbona mtupu, mwalimu?"

"Ndiyo fahari yangu, madam. Nilikuwa nabandika makosa. Yamekwisha."

Mkaguzi aligusa pini moja, akaingia. Darasani alizungumza Kiingereza chepesi, akamwomba kijana wa mbele aeleze habari za nyumbani kwao. Kijana akasimama, akasema kwa Kiingereza safi kwamba mama yake ni mwanamke mpole, akaketi. Wa pili akasimama. Mama yake pia alikuwa mwanamke mpole. Wa tatu vivyo hivyo, na safu nzima nyuma yake, neno kwa neno. Ilikuwa sentensi pekee ambayo haijawahi kumlaza mtu, nao walikuwa wameishikilia kama kamba ya kisimani. Hata yule ambaye shule nzima ilijua analelewa na baba alisimama akamsifu mama yake.

Koma, ukutani nyuma, alikuwa akitabasamu. Kila kitenzi kilikuwa mahali pake.

"Darasa zima mna mama mmoja?" mkaguzi aliuliza, safari hii kwa Kiswahili. Akamgeukia msichana wa dirishani. "Wewe niambie kingine, kwa Kiingereza. Jana ulifanya nini?"

Msichana alimtupia jicho mwalimu wake. "Madam, nikisema nitalazwa."

"Utalazwa wapi, mwanangu?"

"Hospitali." Akaonyesha mlangoni kwa kidevu, na vicheko vikapita chini ya madawati.

Mkaguzi alielewa. Akaweka kalamu mezani. "Haya, semeni mnavyojua. Koseeni mpendavyo, leo hakuna wa kulazwa."

Akasubiri. Kiti kililia, mtu akakohoa. Hakuna aliyefungua mdomo, na mkaguzi alisubiri mpaka kengele ikagongwa, kisha akamshukuru kila mtu isipokuwa Koma.

Jioni mkewe alimkuta kakaa kitandani na viatu.

"Vipi, umepata?"

"Kapewa mwalimu wa fasihi. Yule anayewaacha watoto wapayuke ovyo."

"Wewe umenyimwa kwa kosa gani?"

"Kosa?" Neno lenyewe lilimchukiza. "Amekaa kipindi kizima, mama watoto, na hakupata kosa hata moja."

"Kwani wanafunzi walisema nini?"

"Mwishoni? Hawakusema kitu," alijibu Koma, na hata wakati huo alilitamka kama mtu anayesoma matokeo mazuri.