Masufuria Mapacha ya Tak Bun-rye

Katika soko la vifaa vya umeme mjini Seoul, fundi Maeng Sun-deok alijulikana kwa mambo mawili: hataji bei kabla hajashika mita ya kupimia umeme, na akishaitaja haishuki. Hesabu zake hakuzisomea chuoni. Alitoka kijijini akiwa na miaka kumi na sita, akaajiriwa kiwanda cha redio kusokota nyaya, elimu ya mafundi akaiiba kwa macho. Sasa ana hamsini na mbili, na kibanda ni chake.

Asubuhi moja ya baridi, wiki moja kabla ya mwaka mpya, Tak Bun-rye alimletea masufuria mawili ya umeme, urithi wa mama mkwe. Bun-rye huuza mandu, zile sambusa za kupikwa kwa mvuke. Upande wake wa soko ulikuwa umebadilishiwa umeme juzi, kutoka volti 110 hadi 220. Mkononi alishika pua za nguruwe mbili, vile vichwa vya plastiki vya kuwezesha plagi bapa ya zamani kuingia tundu la duara.

"Nifungie hizi tu, dada. Nisipouza wiki hii, kodi ya kibanda sitaiweza mwakani."

"Nani kakuuzia?"

"Bwana Pyo, huyo hapo mbele."

"Pua inabadili plagi, haibadili umeme. Ungechomeka, ungepika sufuria lenyewe."

Bwana Pyo akacheka. "Basi Mama Mandu, chukua transfoma yangu ya kushusha volti. Kilo kumi na nane tu!"

"Nitaibeba kwa mgongo wako?" Bun-rye akamjibu.

Sun-deok alisoma kibati cha sufuria, akachukua chaki, akaandika juu ya mfuniko. "Volti 110, ampea 10. Gawanya: omu 11. Huo ndio ukinzani wake, nao haujui kama soko limebadilisha umeme. Sasa 220 gawa kwa 11, mkondo ni ampea 20. Zidisha kwa volti 220: wati 4,400. Hili limezaliwa kubeba 1,100."

"Mara nne? Si volti zimezidi mara mbili tu?"

"Na mkondo nao mara mbili. Mbili mara mbili ni ngapi, wewe mfanyabiashara?"

Bun-rye akahesabu kwa vidole. Sun-deok akapima masufuria yote: omu 11, na 11 tena.

"Mapacha hawa. Nayaunga yafuatane kwenye waya mmoja. Omu 22, ampea 10, kila moja linapata volti zake 110, wati zake 1,100."

"Moja likifa?"

"La pili linazimika. Yanawaka pamoja au hayawaki."

"Lakini alfajiri napika na moja tu."

"Basi la pili lichemshie supu. Uza na supu."

Bun-rye alitabasamu bila kutaka. "Bei?"

"Sahani ya mandu kila siku, siku saba."

"Tano, dada'ngu."

"Saba."

Adhuhuri, kwenye kibanda cha Bun-rye, waliyajaza maji, wakachomeka. Swichi kuu haikuruka. Baada ya robo saa mifuniko yote miwili ilikuwa ikigongagonga, na mvuke ukajaza kibanda kizima.

Siku ya saba unga ulimwishia Bun-rye kabla ya jioni, na supu ilikuwa imekwisha mapema zaidi. Alileta sahani ya mwisho, kisha akavuka njia kumrudishia Bwana Pyo pua zake za nguruwe. Bwana Pyo alizipokea bila kubishana. Mdomo wake ulikuwa umejaa mandu za Bun-rye.