Mgeni wa Anga Aliyegeuka Kijani

Enzi zetu kule Kibosho, rangi za runinga tulijipachikia wenyewe. Runinga ilikuwa moja kijiji kizima, ya mwalimu mstaafu jirani yetu, nayo ilionyesha nyeusi na nyeupe tu. Siku moja mwalimu akarudi kutoka Tarakea na karatasi ya nailoni ya rangi tatu, akaibandika kwenye kioo: juu bluu, katikati chungwa, chini kijani. Basi kila mtu humo ndani akawa na nywele za bluu na miguu ya kijani, na sisi tukaapa kwamba hata Ulaya hawana kitu kama kile.

Jumamosi tulinawa miguu, tukaamkia wakubwa, tukakaa mkekani huku jenereta likinguruma nyuma ya zizi. Chumba kilinukia maziwa na ndizi za kuchoma. Nakumbuka siku ya filamu ya mgeni wa anga. Nilikaa na mdogo wangu Ludovick, ambaye miaka hii miwili tumepishana njiani bila salamu. Hata siku ile sikumsemesha, maana alikuwa amevunja kigari changu cha miti, nami nilikuwa nimeapa kutomsamehe mpaka Krismasi.

Mgeni aliposimama, kichwa chake kilikuwa bluu kama anga ya asubuhi mlima ukiwa wazi. Tulimwogopa. Askari wakamzunguka na bunduki. Akapiga magoti, akajikunja chini kabisa ya kioo, na mwili wote ukageuka kijani. Watoto tukashusha pumzi. Kwetu Uchagani anayeomba msamaha huja na jani la isale, na aliyeletewa isale hakatai.

"Hawampigi huyo," Ludovick alininong'oneza. "Amekuwa isale mwili mzima."

Kweli, bunduki zilishushwa. Asubuhi yake nikamkuta Ludovick mlangoni, jani la isale mkononi, uso na masikio kajipaka majani yaliyopondwa. Nilicheka mpaka nikasahau kigari.

Juzi binti yangu Manka, anayesomea kutengeneza filamu, aliipata filamu ile kwenye simu. Vijana wa siku hizi, kufika hapo Njoro bila simu hawawezi, lakini filamu ya kale wanaipata kabla chai haijapoa. Kumbe mgeni alikuwa wa kijivu, utosini hadi unyayoni! Niliumia kama mtu aliyeibiwa.

"Rangi wanaichagua makusudi, baba," Manka akaniambia. "Kijivu ni majivu, umwone hana moyo. Wa bluu huwa wapole. Kijani ni sumu."

"Kijani sumu?" Nikamsimulia habari ya isale. Akachungulia dirishani, kwenye mpaka wa kihamba, shamba la urithi, ambao mimi na Ludovick tulikuwa tunaugombania. Wazee waliuweka kwa kupanda masale, mimea ya majani yaleyale.

"Sasa na baba mdogo je?" akauliza.

Jana nilikata jani moja palepale mpakani, nikaenda kwa mdogo wangu. Nilipiga magoti uani kwake, na magoti yenyewe siku hizi yanalalamika. Ludovick alisimama mlangoni na mvi zake, akalitazama lile jani.

"Inuka, kaka," akasema, "kabla hujawa kijani mwili mzima."

Tulicheka, kisha tukalia. Utotoni kupatana kulituchukua usiku mmoja tu. Safari hii tumetumia miaka miwili, na jani ni lilelile.