Hitaji Lisilo na Jina

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata sasa najicheka mwenyewe, halafu namshukuru Mungu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, jumuiya yetu ya kanisa imekutana sebuleni kwa jirani mmoja wa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, viatu vyetu vimejaa mlangoni. Zamu ya kutaja mahitaji ya maombi ikanifikia. Nikasema kama nilivyosema Jumamosi zote zilizotangulia: "Naomba mniombee. Nina hitaji la siri, Mungu analijua." Wenzangu wakaitikia amina, nami nikainamisha kichwa, mtakatifu kabisa.

Hitaji lenyewe lilikuwa uvimbe. Niliugundua nikioga, titi la kushoto, mgumu, mdogo kama punje ya hindi. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, mume, watoto wawili, na duka la mashuka na mapazia Kariakoo. Ilinipasa kwenda hospitali wiki hiyohiyo. Sikwenda. Dada yangu Anjela aliingia hospitali na uvimbe wa namna hiyo, akatoka amebebwa. Tangu hapo, kichwani mwangu, hospitali ndiyo iliyomuua. Ukweli ni kwamba Anjela alikaa nao mwaka mzima akiuficha, na ukweli huo niliujua vizuri. Lakini hofu haina akili, mwanangu. Ilinifanya niogope daktari kuliko ugonjwa.

Sikumwambia mtu, hata mume wangu, Baba Neema. Nikasema nina imani, nitaomba. Nikawa nafunga, nikawa wa kwanza kufika kanisani na wa mwisho kuondoka. Watu wakanisifu, na mimi nikazipokea zile sifa. Kila jioni nikigusa pale naukuta uvimbe upo palepale.

Sasa ukiwapa watu siri isiyo na jina, jina watalitafuta wao. Mama mmoja wa jumuiya akaniletea mizizi imefungwa kwenye gazeti, nichemshe, nitapata mtoto wa kiume. Mwingine akanishika mkono kwenye ngazi, akaninong'oneza kwamba wanaume ndivyo walivyo, nivumilie tu. Masikini Baba Neema, mtu ambaye akitoka kazini anakwenda nyumbani, akaanza kusalimiwa kwa ubaridi. "Hivi hawa nimewakosea nini?" aliniuliza. Nikamwambia ni mawazo yake tu. Nikimkumbuka alivyosimama pale, hajui kitu, naona aibu.

Jumuiya yetu iliongozwa na Bibi Eliwaza, mzee wa kanisa, mjane, fundi cherehani pale Mchikichini. Kazi yake ilikuwa kupunguza suruali za mitumba ziwatoshe wanunuzi, na maneno alikuwa akiyapunguza vilevile. Jumatatu iliyofuata akaja dukani kwangu mchana, jua kali.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akakaa juu ya robota la mashuka, akasubiri mteja atoke. "Mama Neema, hilo hitaji lako la siri mimi limenichosha."

"Jamani, bibi!"

"Miezi mitatu naombea kitu nisichokijua. Mungu analijua, sawa. Wewe unalijua. Mimi magoti yananiuma, nataka nijue yanauma kwa ajili ya nini."

Nikaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio palepale, mbele ya mapazia. Nikamwambia yote, uvimbe, Anjela, vyote. Nilitegemea anipapase mgongo aisifu imani yangu. Wapi! Alinisubiri ninyamaze, akaniuliza swali moja.

"Hiyo miezi mitatu ulikuwa unamwomba Mungu akuponye, au akuepushe kwenda hospitali?"

Mwanangu, nilikuwa nimemfanya Mungu mahali pa kujifichia, halafu nikajiita mwanamke wa imani.

"Naogopa, bibi," nikasema.

"Najua. Hata mimi nimeogopa sasa hivi uliponiambia. Nani alikudanganya kwamba anayemwamini Mungu hatetemeki? Wewe tetemeka. Ila tetemeka huku unakwenda." Akasimama, akakung'uta sketi. "Mpigie mwenzio simu. Halafu mwambie jirani akuangalizie duka, tuondoke."

Nikampigia Baba Neema. Nilipomaliza kusema akauliza, "Mnakwenda hospitali gani? Nakuja." Hakunilaumu siku ile wala baadaye, na hilo liliniuma kuliko kama angenifokea.

Hospitalini, Baba Neema akiwa bado njiani, tulikaa mimi na bibi kwenye benchi refu, foleni ndefu. Nikamwambia bibi nakwenda chooni. Akanitazama vizuri, akasema, "Twende wote." Alinijua! Nilikuwa nimeshaangalia mlango wa kutokea. Tuliporudi akainamisha kichwa akaomba, sauti ya kawaida tu, kama anaongea na mtu aliye jirani: "Bwana, huyu anaogopa na mimi naogopa. Wewe huogopi. Njoo ukae hapa katikati yetu. Amina." Halafu akasogea kidogo kwenye benchi, akaacha nafasi.

Naapa, mwanangu, mpaka leo naiona ile nafasi. Mama mmoja alitaka kukaa, bibi akamwambia, "Samahani mama, kuna mtu." Hofu haikuondoka. Lakini jina langu lilipoitwa, miguu iliinuka yenyewe.

Nikachomwa sindano ya kipimo, Baba Neema ameshafika, nikaambiwa nirudi baada ya siku kumi. Jumamosi ikafika kabla ya majibu. Nikasimama sebuleni, Baba Neema yuko pembeni yangu, nikasema: "Nina uvimbe kwenye titi. Nimepimwa, nasubiri majibu. Naogopa sana." Yule mama wa mizizi akainamia zulia. Yule aliyeninong'oneza kwenye ngazi akamtazama Baba Neema, akamwomba radhi bila kueleza ya nini. Kisha wakaniombea, safari hii wakijua wanachokiomba, na kila neno niliona ni langu. Nilirudi nyumbani nikapika, nikala nikashiba, jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa miezi mitatu.

Siku ya kumi daktari, binti mdogo tu, akafungua faili. "Mama, si saratani. Ni uvimbe wa kawaida. Tutautoa, utakwenda nyumbani." Weee! Nilimkumbatia daktari, nikamkumbatia muuguzi, nikamkumbatia na mlinzi wa getini ambaye hakujua kimetokea nini. Baba Neema akakaa kwenye ngazi akalia kwa sauti, mbele za watu, wala hakujali. Bibi Eliwaza naye alikuwa akifuta macho kwa kanga, huku akitukemea: "Haya basi, punguzeni kelele, kuna wagonjwa humu."

Ni raha gani ile! Nilitembea kwa miguu kutoka hospitali hadi dukani, na jua lile lote sikulisikia.

Sasa sikiliza nasaha yangu. Usifikiri Mungu alinipenda kuliko alivyompenda Anjela. Majibu yangu yangeweza kuwa mabaya, na bado Yeye angekuwa pale kwenye benchi. Kilichoniponya kwanza ni kuacha kumtumia Mungu kama pazia. Ukihisi kitu mwilini, nenda. Omba njiani, omba kwenye foleni, omba sindano ikiwa inaingia, lakini nenda. Hofu yako itaje kwa jina lake, umtajie Mungu na umtajie mtu mmoja mkweli, kwa sababu dada yangu aliwaficha wote na akabaki nayo peke yake. Na mwenzio akikuomba umwombee, usiishie kwenye amina. Mfuate, muulize, vaa viatu uende naye.

Mungu akujalie mtu wa kukukatalia usikimbie. Akupe ulimi wa kusema ukweli mapema, na miguu ya kutembea hata inapotetemeka. Na siku jina lako litakapoitwa, mwanangu, majibu yakiwa mazuri au mabaya, ukageuke ukamwone ameshakaa karibu nawe. Amina.