Upinde Nilioupeleka Ukweni

Mke wangu alikuwa amerudi kwao Muheza kwa hasira, nami nikaenda kumwomba radhi. Baba mkwe hupenda vitu vya jadi, hivyo nilimchongea upinde kwa mikono hii iliyozoea kalamu. Aliupapasa akitabasamu.

"Mti gani huu, mkwe?"

"Mkwaju wa kule Pongwe, baba. Ulipigwa na radi, ukakauka vizuri mno."

Aliutupa chini kama nyoka. Mama mkwe akatoka mbio uani. Mimi, mwandishi wa makala za mila, sikujua kwamba kwao mti wa radi hauingizwi nyumbani bila tambiko, maana huita radi nyingine.

Mke wangu, aliyekwisha kufunga begi, alilirudisha chumbani.

"Tangulia na upinde wako, baba Neema. Mimi nitakuja masika yakiisha."