Nyoka ya Mama

Kwetu mtaani Katuba neno nyoka halikai mahali pamoja. Mtu anayekuchekea usoni, kisha akageuka kukusengenya kwa jirani, ni nyoka. Aliyehama kanisa na kuanza kuwaponda wenzake wa jana, huyo amevua gamba. Aliyejenga nyumba kubwa bila kazi inayoonekana, basi "iko na nyoka", yaani amefuga mmoja chumbani anayemtapikia noti. Na mtu mwenye minyoo, naye pia ana nyoka. Kwa ukamilifu tunasema nyoka ya mu tumbo, lakini nani ana muda? Nyumbani tulikuwa tukikata maneno, tunasema nyoka tu, na kila mtu alielewa.

Mimi nilijua ubaya wa kukata maneno nikiwa na miaka minane, na hadi leo nikikumbuka naona aibu.

Mama alikuwa mshonaji. Mwaka ule alinunua mashine ya pili, ya umeme, na akina mama wa kwaya wakamletea vitambaa vya sare ya Pasaka. Sebule yetu ilijaa kijani hadi tukakosa pa kukaa. Kisha tumbo likamshika. Kituo cha afya wakampa dawa ya minyoo, akajifungia chumbani, akaniagiza nisiruhusu mtu kuingia.

Siku hiyo hiyo rafiki yake mkubwa akabisha hodi. Waliimba pamoja tangu wakiwa wasichana, walisukana nywele, walikula sahani moja. Mimi nilimwita tantini, yaani mama mdogo. Yeye alimwita mama yangu "yaya", yaani dada mkubwa, kwa kuwa mama alimzidi umri. Aliuliza mama yuko wapi. Nikamjibu kama nilivyojua.

"Mama iko na nyoka. Iko mu chumba, anakatala bantu baingie."

Tantini aliutazama mlango uliofungwa, akaitazama mashine mpya, akasema atapita siku nyingine. Mimi nikarudi uani kuruka kamba.

Siku mbili baadaye wakaanza kuja kuchukua vitambaa vyao. Mmoja alisema mume wake anataka mshono mwingine. Mwingine akasema mpwa wake naye anashona, mbona amnyime kazi. Mama, ambaye tayari alikuwa amepona, alikunja kitambaa kimoja kimoja akawapa, bila kuelewa. Jumapili, kwenye benchi la kwaya, hakuna aliyekaa karibu naye. Mwishowe jirani yetu muuza makaa, mwanamke asiyejua kuficha neno, akamwambia waziwazi: watu wanasema unafuga, na aliyesema ni mtoto wako mwenyewe.

Mama aliniita. Nililia kabla hajauliza, nikamweleza nilichosema mlangoni. Alicheka hadi akashika mbavu, nami nikacheka kwa nafuu niliyoipata. Nilimwambia tupite nyumba kwa nyumba tukaongeze maneno yaliyokosekana, mu tumbo, na vitambaa vitarudi. Akaniuliza nilikuwa nimemwambia nani. Nilipomtaja tantini, kicheko kikamwisha. Alikwenda kukaa kwenye mashine, lakini hakushona.

Tantini alikuja kesho yake mchana kuchukua kitambaa chake. Hakutaka kukaa. Nilifungua mdomo nieleze, mama akanishika bega kwa nguvu hata nikanyamaza. Kisha akasema, kwa sauti yake ya kila siku:

"Mulango iko wazi, mudogo yangu. Ingia, utazame."

Hata kwa akili yangu ya kitoto nilijua hataingia. Nilisubiri acheke, avute kiti, aulize kama tumbo limepoa. Tantini akaingia. Alitazama nyuma ya mlango, akainua pazia, kisha akapiga magoti na kuchungulia chini ya kitanda, palipokuwa na boksi la vipande vya nguo na viatu vyangu vya shule. Alipotoka alikuwa anacheka huku akijipangusa magoti. Alisema yeye hakuamini hata siku moja, ni watu tu. Kitambaa chake akakiacha.

Kufikia Jumamosi vitambaa vyote vilikuwa vimerudi, maana tantini aliwahakikishia wenzake kwamba ameona kwa macho yake. Mama alishona sare zote, na ya tantini ilipendeza kuliko zote. Nilimwona akifumua kola yake mara mbili ili ikae sawa. Siku ya Pasaka waliimba bega kwa bega. Lakini tantini hakula tena kwetu, na mama hakumwita.

Miaka yote niliamini mimi ndiye niliyewatenganisha. Nilipomaliza masomo nilijipa moyo, nikamwomba mama msamaha kwa lile neno nililolikata. Alikuwa anatunga uzi kwenye sindano na hakuinua macho.

"Weye ulikuwa mutoto," alisema. "Yeye, kama angekatala kuinama, ningemusamehe yote."