Tangazo la Mia Tano na Tatu

Pontien alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa moja: hakutaka kuazima kazi ya mtu. Alifundisha hesabu Niemba mpaka vita vilipowatimua, yeye njia hii, mdogo wake Hubert njia ile, na hawakuonana tena. Alipofika Kalemie alijifunza kompyuta kwa kitabu kimoja kisicho na jalada. Chama cha kutafuta watu waliopotezana na ndugu zao kikampa meza, naye akakitengenezea tovuti kwa mkono wake, mstari baada ya mstari. Mawakala wa Ankoro na kwingineko walituma matangazo, tovuti ikayaonyesha. Chamani, na mawakala nao, walimwita Papa Fanny, kwa jina la binti yake aliyezaliwa hapa mjini, na hilo Pontien likabaki kwenye karatasi zake. Kila asubuhi, kabla ya chai, alisoma orodha nzima akimtafuta Hubert.

Ulipomwuliza kwa nini hatumii fremuweki, ile programu ya kwenye seva inayokuja na kazi za kila siku zimekwisha kufanywa, kupokea fomu, kulinda neno la siri, kugawa orodha ndefu kurasa kwa kurasa, alinuna.

"Mimi najua kila mustari wangu," alisema.

Aliijua kweli. Tatizo lilikuwa mistari ambayo hakuiandika.

Mwaka jana chama kilimwajiri Julie, fundi wa programu, aitengeneze tovuti upya. Pontien alidhani msichana atachukua fremuweki mpya kuliko zote, ile inayosifiwa kwenye video. Julie akakataa.

"Ile mupya ni muzuri, Papa Fanny, lakini ikikwama nitaita nani? Hii ya zamani maelezo yake iko kwa Kifaransa, naweka yote mu mashine, nasoma bila rezo, hata intaneti ikikatika. Na Tony, fundi wa kule bandarini, anaijua. Siku nikiondoka, kutakuwa muntu."

Pontien alitafuta kosa katika maneno hayo, akalikosa. Kazi iliyomla miaka, Julie aliimaliza kwa siku kumi na moja. Tusifichane, ilimuuma sana.

Siku ya kumi na mbili Julie akamwita.

"Papa, ile orodha yako iko na watu ngapi?"

"Sijahesabu. Haiongezeki tena. Watu wanapatana, tumushukuru Mungu."

"Iko mia nane na kumi. Yako inaonyesha mia tano tu."

Alikumbuka papo hapo. Zamani, kwa sababu intaneti ilikuwa nzito, aliiagiza tovuti ionyeshe matangazo mia tano ya kwanza. Ukurasa wa pili angeutengeneza baadaye. Wakati ule hawakuwa wamefika hata mia mbili. Baadaye Mama Monique, wakala wa Ankoro, alipiga simu mara nyingi kwamba majina anayotuma hayaonekani. Pontien alimjibu bila hata kufungua mashine: "Ni rezo, Mama. Muvumilie."

Julie alibonyeza ukurasa unaofuata. Tangazo la kwanza, la pili, la tatu: Hubert wa Niemba, yuko Ankoro, anamtafuta kaka yake Pontien, mwalimu. Lilikuwa na miaka mitatu. Miaka yote hiyo lilikaa ndani ya mashine iliyo mezani pake.

Julie alipiga Ankoro kwa simu ya Pontien, akaiweka mezani mbele yake, naye Pontien akamwulizia Hubert.

"Papa Hubert?" Sauti ya Mama Monique ilisikika ofisi nzima. "Alikuwa anapita hapa kila siku ya soko, anauliza kama kaka yake amejibu. Ee, maskini. Tulimuzika mwezi wa tatu. Alikuwa anasema pengine kaka alikufa mu vita. Mimi namuambia hapana, uvumilie. Namuambia vile ulituambiaka: ni rezo."

Pontien alisogea karibu na skrini, akasoma tena tarehe ya tangazo.

"Papa Fanny? Uko unasikia? Ulimujua?"